Mkamuo: Jina la Kiswahili kwa Kiini cha Espreso

Huko Karatu kahawa ina msamiati kamili tangu kitaluni. Mche wake ni mbuni. Tunda likiwiva huchumwa, humenywa, huchachushwa na kuoshwa, kisha punje huanikwa kwenye vichanja. Zikikauka hukobolewa, na buni ikawa tayari kwa safari. Ndivyo wanavyosema wakulima wa miteremko ya Oldeani na ya pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro, ambako udongo wa volkano na baridi ya usiku huiivisha arabika polepole.

Buni hiyo ikishakaangwa na kuingia kwenye mashine ya hoteli ya watalii, msamiati hukatika. Orodha ya vinywaji inasema espreso, ristreto, lungo, makiato, kapuchino, late. Mkulima akiisoma hapati pa kushika, ingawa kazi yake imo katika kila kikombe.

Lakini majina yote hayo yanasimama juu ya kitendo kimoja, nacho tunacho. Espreso kwa Kiitaliano ni iliyokamuliwa. Sisi hukamua ndimu, hukamua alizeti, hukamua ng'ombe. Katika mashine, maji ya nyuzijoto 90 na kitu husukumwa kupita kwenye unga laini wa kahawa ulioshindiliwa, kwa shinikizo la takriban mara 9 ya lile la hewa. Baada ya sekunde 25 hadi 30, gramu 18 za unga hutoa kama gramu 36 za kinywaji. Huo ni mkamuo. Luigi Bezzera wa Milano alipata hataza ya mashine yake mwanzoni mwa karne ya 20, akitumia nguvu ya mvuke. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Achille Gaggia akaongeza shinikizo kwa wenzo, ndipo ukatokea juu ya kikombe ule utando wa rangi ya asali.

Tukishalipata neno mkamuo, mengine yanajipanga. Ristreto ni mkamuo mfupi: maji machache kwa unga uleule, ladha nzito. Lungo ni mkamuo mrefu. Amerikano ni mkamuo ulioongezewa maji ya moto baada ya kukamuliwa, kwa hiyo si lungo. Makiato ni mkamuo wenye doa la maziwa. Kapuchino, iliyopewa jina kwa rangi ya joho la watawa Wakapuchini, ina maziwa ya mvuke na povu nene. Late ina maziwa mengi zaidi na povu jembamba. Kwa Kiitaliano neno hilo ni maziwa tu.

Wapo wanaoita espreso kahawa tungu. Tusikubali. Kahawa tungu ya pwani huchemshwa, hukaa katika mdila juu ya makaa, hunywewa kwa finjani pamoja na kashata. Haikamuliwi. Vinywaji viwili vinavyotengenezwa kwa njia mbili vinastahili majina mawili, na heshima sawa.

Sisemi tuyafukuze majina ya Kiitaliano. Kahawa, buni na finjani vilitufikia kutoka Uarabuni, na leo nani angeviita vya wageni? Kapuchino ibaki kapuchino. Ninachodai ni maneno ya kufafanulia: mkamuo, utando, povu, maziwa ya mvuke, mfupi, mrefu. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililopewa na sheria ya 1967 jukumu la kukuza lugha hii, liyasanifu pamoja na wakulima na waandaaji kahawa wenyewe.

Faida yake ni ya kazi. Mkamuo ukitoka mchachu kupita kiasi, chanzo chaweza kuwa maji yaliyopita upesi mno, au matunda yaliyochumwa mabichi. Mwandaaji na mkulima wakiwa na istilahi moja, wataitafuta kasoro pamoja, na mkulima atajua thamani ya punje zake kabla hajatajiwa bei.