Kazi za mbali: Nani apange siku ya kukutana?

Vijijini kwetu Afrika Mashariki hakuna mtu mzima anayeuliza gulio ni siku gani. Wakulima huishi mbalimbali, kila mmoja na shamba lake, lakini wote wanaijua siku moja ambayo watakuwa mahali pamoja. Anayekwenda siku nyingine hukuta uwanja mtupu, na hana wa kumlaumu.

Ofisi nyingi za Ulaya, Marekani na hata Ghuba leo zina wafanyakazi waliotawanyika kama wakulima hao. Siku mbili au tatu huwa ofisini, siku nyingine hufanyia kazi nyumbani. Utaratibu huu sasa unaitwa kazi ya mseto. Tofauti ni kwamba ofisi hizo mara nyingi hazina siku ya gulio. Mtu hupanda treni saa nzima, akafika, akakuta viti vitupu, kisha akaketi peke yake kuzungumza na wenzake kwa njia ya kompyuta.

Wengi hudhani suala hili lilizaliwa na janga la Covid-19. Historia inasema vingine.

Pauni sita na meza ya jikoni

Mnamo mwaka 1962, Stephanie Shirley alianzisha nchini Uingereza kampuni ya kuandika programu za kompyuta iliyoitwa Freelance Programmers. Mtaji wake ulikuwa pauni 6. Mwanamke huyo alizaliwa Dortmund, Ujerumani, na kufika Uingereza mwaka 1939 akiwa mkimbizi wa miaka mitano, aliyetumwa na wazazi wake ili aepukane na utawala wa Wanazi.

Aliajiri wanawake wenye ujuzi walioacha kazi baada ya kupata watoto. Waliandika programu kwa kalamu juu ya karatasi, majumbani mwao, na karatasi hizo zikapelekwa kwa posta hadi kwenye vituo vya kompyuta. Shirley alipogundua kwamba barua zake hazijibiwi, alianza kutia saini kwa jina la kiume, Steve, na majibu yakaanza kuja. Simu ilipolia nyumbani kwake, aliwasha kanda yenye sauti ya taipureta ili mteja asimsikie mtoto.

Kati ya wafanyakazi 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Miongoni mwa kazi zao ni programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Sheria ya mwaka 1975 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia ndiyo iliyoilazimisha kampuni hiyo iache kuwapendelea wanawake. Shirley alifariki dunia Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 91.

Jambo moja katika mfano huo ni rahisi kulipita bila kuliona. Karibu wote walikuwa mbali. Hapakuwa na chumba ambamo nusu ya wafanyakazi walikunywa chai na mkuu wao huku nusu nyingine wakisubiri kuambiwa kilichoamuliwa. Umbali ulikuwa wa wote, na kwa sababu hiyo haukumpunja mtu.

Mhandisi aliyechoshwa na foleni

Mwaka 1973, Jack Nilles, mhandisi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles, alianza kuchunguza swali lililomsumbua kila alipokwama katika msongamano wa magari: kwa nini tusafirishe watu ilhali tunaweza kusafirisha habari? Mwaka huo huo bei ya mafuta ilipanda kwa kasi kufuatia vikwazo vya nchi za Kiarabu zinazouza mafuta, na swali lake likapata uzito.

Jaribio lake, lililofanywa na kampuni moja ya bima, halikuwapeleka wafanyakazi majumbani. Liliwapeleka katika ofisi ndogo zilizo karibu na wanakoishi, ili waendelee kukaa na wenzao bila kuvuka mji mzima. Matokeo yalikuwa mazuri, lakini kampuni haikuendelea. Nilles amesimulia kwamba wakuu wa kampuni walihofia vyama vya wafanyakazi vingeziteka ofisi hizo moja baada ya nyingine. Alipozungumza na upande wa vyama, akakuta hofu iliyo kinyume: wafanyakazi waliotawanyika hivyo wangekusanywaje?

Pande mbili zilizokuwa zikivutana zilikuwa zimeelewa jambo moja. Kukutana ni nguvu, na anayepanga watu wakutane lini na wapi ana mamlaka juu yao.

Mita hamsini

Wakati huohuo, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Profesa Thomas Allen alikuwa akipima jinsi wahandisi wanavyozungumza kazini. Katika kitabu chake cha mwaka 1977 alionyesha kwamba mazungumzo hupungua kwa haraka kadiri meza zinavyoachana, na zikipita mita 50 hivi, watu wa jengo moja huwa kama watu wa miji miwili.

Hata hivyo, makampuni yalivutiwa zaidi na akiba ya kodi za majengo. Kampuni ya IBM, iliyoanza kwa kuwawekea wafanyakazi watano mitambo majumbani mwaka 1979, ilieleza mwaka 2009 kwamba asilimia 40 ya wafanyakazi wake wapatao 386,000 duniani hawakuwa na ofisi kabisa. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2013 kampuni ya Yahoo iliwataka wafanyakazi wake wote wa nyumbani warejee ofisini. Mwaka 2017 IBM yenyewe iliwaambia wafanyakazi wa idara yake ya masoko nchini Marekani wachague: kuhamia katika mojawapo ya ofisi za miji sita, au kuondoka.

Kwa hiyo kwa miaka 40 mjadala uliendeshwa kama mvutano wa kamba, nyumbani upande mmoja na ofisini upande mwingine. Wachache waliuliza swali la kalenda.

Shanghai, mara mbili

Jibu lenye ushahidi lilitoka China. Kuanzia mwaka 2010, kampuni ya usafiri ya Ctrip ya Shanghai, kwa ushirikiano na mwanauchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliwajaribu wafanyakazi 249 wa kituo chake cha simu. Waligawanywa kwa tarehe za kuzaliwa, shufwa na witiri. Kundi moja lilifanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki na kuja ofisini siku ya tano, na jingine likabaki ofisini siku zote.

Baada ya miezi tisa, utendaji wa kundi la nyumbani ulikuwa umepanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Lakini walipopewa nafasi ya kuchagua upya, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini, na sababu kubwa ilikuwa upweke. Aidha, ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi. Asiyeonekana alisahauliwa.

Mwaka 2021 kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa Trip.com, ilirudia jaribio kwa njia nyingine. Wafanyakazi 1,612 walihusika kwa miezi sita. Walioangukiwa na bahati waliruhusiwa kubaki nyumbani siku mbili, nazo zilipangwa: Jumatano na Ijumaa. Maana yake ni kwamba Jumatatu, Jumanne na Alhamisi kila mtu alikuwa na hakika ya kumkuta mwenzake.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024. Idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa theluthi moja. Utendaji haukushuka, na safari hii hapakuonekana tofauti katika kupandishwa vyeo. Mameneja, ambao kabla ya jaribio walikadiria kwamba tija ingeshuka, walimaliza wakiamini kwamba imepanda kidogo.

Haki iitwayo uhuru

Kati ya majaribio hayo mawili dunia ilifungwa. Kuanzia Machi 2020 mamilioni ya watu walipelekwa nyumbani kwa siku chache, na vizuizi vilipoondolewa, ofisi nyingi ziliwaambia: njooni siku mnazotaka. Lilionekana kuwa jambo la ukarimu. Mjini London umati ukajazana Jumanne hadi Alhamisi, na Ijumaa treni zikapungukiwa abiria. Kati ya Machi na Mei 2024 wasimamizi wa usafiri wa mji huo walipunguza nauli za Ijumaa kwa majaribio ili kuwavuta watu. Umati haukurudi, na punguzo likaondolewa. Nauli nafuu haimsaidii mtu ambaye hana atakayemkuta.

Katika chumba kimoja cha habari nilichopata kufanyia kazi, kila mmoja wetu alichagua siku zake. Kijana mmoja mpya alikuja kila siku, amevaa vizuri, daftari mkononi. Sisi wakongwe tulimwona kwa zamu, leo huyu, kesho yule, na hatukuwahi kuwa pamoja naye wote. Alijifunza kutumia mitambo kwa kusoma maelekezo. Namna ya kuikataa habari iliyo tamu lakini haijathibitishwa hakujifunza, kwa sababu hilo mtu hulijua kwa kuwasikia wakubwa wakibishana. Sisi tulikwishajifunza zamani, katika chumba kilichojaa.

Wanauchumi Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais wameliona jambo hilo kwa takwimu. Waliwachunguza waandishi wa programu wa kampuni moja kubwa ya Marekani iliyokuwa na majengo mawili. Walioketi jengo moja na timu yao walipata maoni mengi zaidi kuhusu kazi zao, na walionufaika zaidi walikuwa vijana na wapya. Gharama iliwaangukia wakongwe, ambao walitumia muda wao kufundisha.

Hapo ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Mwenye uhuru wa kuchagua siku ni yule ambaye hahitaji tena kukutana na mtu. Anayehitaji hana sauti ya kupanga.

Hata mataifa hupanga

Wasikilizaji wetu wa Ghuba wanalijua hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Hadi Aprili 2013 mapumziko ya wiki nchini Oman yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, hivyo ofisi ya Muscat na ya London zilikuwa na siku tatu tu za kazi kwa pamoja. Mwezi Mei mwaka huo mapumziko yalihamishiwa Ijumaa na Jumamosi, na siku za pamoja zikawa nne. Umoja wa Falme za Kiarabu, kuanzia Januari 2022, ulihamishia mapumziko ya ofisi za serikali Jumamosi na Jumapili, pamoja na nusu ya Ijumaa. Ikiwa dola zinaweza kuipanga upya wiki nzima ili zikutane na wenzao, idara yenye watu wanane haiwezi kushindwa kukubaliana kuhusu Jumanne.

Funzo la miaka zaidi ya 60, tangu karatasi zilizopelekwa kwa posta, si kwamba watu warudishwe ofisini siku tano. Akina mama wa mwaka 1962 walithibitisha kwamba kazi ngumu inaweza kufanyika mezani jikoni. Funzo ni kwamba siku ya kukutana haijipangi yenyewe. Ipangwe na wale wanaofanya kazi pamoja, ijulikane mapema, na mkongwe aiheshimu kama anavyoiheshimu mgeni.

Gulio hufanikiwa kwa sababu hata yule asiye na cha kuuza hufika.