Mvua, Kriketi na Hesabu: Fainali ya Kuala Lumpur, 1997

Leo naweka kando mambo ya programu na seva nizungumzie kanuni moja ya hesabu ninayoihusudu sana.

Huku kwetu Migori na Homa Bay mchezo ni kandanda, na mvua ikinyesha tunacheza tu kwenye tope. Kriketi haichezwi hivyo. Uwanja ukilowa, waamuzi husimamisha mchezo. Sasa muda ukishapotea, timu ya pili ifikishe mikimbio mingapi ndipo ishinde?

Kwa wasioujua mchezo: katika kriketi ya siku moja kila timu hupewa ova 50, kila ova mipira 6. Ikipoteza wiketi 10, zamu yake imekwisha.

Zamani walitumia wastani tu: nusu ya ova, nusu ya mikimbio. Kasoro yake ni hii. Mvuvi wa omena mwenye mafuta ya karabai ya usiku kucha huyabania. Mwambie atarudi saa sita usiku, atawasha taa zote. Vivyo hivyo timu yenye ova 25 na wiketi zote 10 hupiga bila woga. Wastani uliipendelea mno.

Kombe la Dunia la 1992 likajaribu njia nyingine: kufuta zile ova ambazo timu ya kwanza ilipata mikimbio michache zaidi. Katika nusu fainali mjini Sydney, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza. Mvua ikanyesha dakika 12. Waliporudi, walihitaji 21 kwa mpira mmoja! Kichekesho na msiba kwa pamoja.

Ndipo wanatakwimu wawili Waingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, wakaja na wazo jipya. Timu ina rasilimali mbili, ova zilizobaki na wiketi zilizobaki. Ziunganishe ziwe asilimia moja. Ova 50 na wiketi 10 ni asilimia 100. Lakini ova 25 na wiketi 10 si 50. Jedwali lao la kwanza lilisema 68.7. Kanuni hiyo ilitumika kimataifa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1997 mjini Harare, Zimbabwe ilipocheza na Uingereza.

Miezi mitatu baadaye zamu ikawa yetu. Aprili 1997, Kenya na Bangladesh walikutana Kuala Lumpur katika fainali ya Kombe la ICC. Steve Tikolo alipiga mikimbio 147 na Kenya ikafikisha 241. Mvua ikanyesha. Siku ya pili Bangladesh wakapewa ova 25 tu. Chukua kikokotoo: 241 mara 0.687 ni 165.6. Shabaha ikawa 166. Bangladesh walishinda kwa mpira wa mwisho kabisa, wiketi 2 zikiwa zimebaki.

Je, hesabu ilitunyima kombe? Hapana. Kwa wastani wa zamani Bangladesh wangehitaji 121 tu. Kanuni iliwaongezea mikimbio 45, na wakaipata.

Timu zote mbili zilikuwa zimeshafuzu Kombe la Dunia la 1999. Bangladesh walipata hadhi ya Test mwaka 2000. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, lakini hadhi hiyo haijaipata hadi leo.

Baadaye jedwali lilibadilika, toleo la kompyuta likaja, na tangu 2014 Steven Stern ndiye mlezi wa kanuni, ikaitwa DLS. Lewis alifariki 2020, Duckworth 2024. Mimi kama mwandishi wa programu bado nalipenda lile jedwali la karatasi moja. Aliyeshindwa aliweza kuikagua hesabu iliyomshinda, kwa kalamu yake mwenyewe. Mifumo mingapi tunayoijenga leo inamruhusu mtu kufanya hivyo?