Kijiji Kilichoungua Mara Mbili: Historia Fupi ya Dayosisi ya Masasi, 1926–2026

Mwaka 2026 Dayosisi ya Masasi ya Kanisa Anglikana inatimiza miaka 100. Mwaka huohuo imani yenyewe inatimiza miaka 150 tangu ipigiwe hema chini ya majabali ya Masasi. Kwenye jubilei mtu huhesabu maaskofu na majengo. Humu wamo maaskofu, na majengo yamo pia, lakini tutakawia zaidi kwa watu waliobaki majengo yalipoungua.

Ruvuma ilipogeuza meli

Mwezi Machi 1861 meli ya mvuke iitwayo Pioneer iliingia kinywani mwa mto Ruvuma, kwenye mikoko, kusini mwa Msimbati. Ndani yake alikuwamo David Livingstone. Alikuwamo pia Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyozaliwa kutokana na wito alioutoa Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Nia yao ilikuwa kuupanda mto hadi karibu na Ziwa Nyasa. Walikwenda kama maili 30, maji yakaanza kupungua, wakahofia kukwama mchangani, wakageuza. Mackenzie akafuata njia ya Zambezi na Shire, na Januari 1862 homa ikamuua.

Kwa hiyo mara ya kwanza injili ilipobisha hodi kusini hapa, mlango haukufunguka. Misheni ikahamia Unguja mwaka 1864, na ilikuwa ni lazima ipite miaka mingine 12 kabla haijarudi. Iliporudi haikuja kwa meli ya mvuke. Ilishuka Lindi na kupanda bara kwa miguu, na walioibeba walikuwa watu waliowahi kuwa watumwa.

Watu wasio na ukoo

Askofu Edward Steere tunamkumbuka kwa sarufi ya Kiswahili, kwa tafsiri za Maandiko, na kwa kanisa kuu alilolijenga Mkunazini, palepale palipokuwa soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Kwa watu wa Masasi, kazi yake kubwa ni ile safari ya Oktoba 1876. Alitoka Unguja na zaidi ya watu 50 walioachwa huru, wanaume kwa wanawake, ambao wengi wao walitekwa utotoni huku bara. Safari ilikusudiwa kuelekea Nyasa, na Masasi ingekuwa kituo cha njiani. Wakaona ardhi ni nzuri, maji yapo, wakabaki.

Tufikirie hali yao. Huyu Myao, yule Mnyasa, yule mwingine hakumbuki hata jina la kijiji chao. Hawana wajomba wala shangazi. Akizaliwa mtoto, nani atamtambulisha kwa wazee? Mtu akifa, nani atamchimbia kaburi? Kwa desturi za huku, kazi hizo ni za ukoo. Kwa wale, kazi hizo ziliangukia kanisa. Msimamizi wa ubatizo akawa mjomba, na kengele ya misheni ikawa ndiyo inayoita watu msibani. Kabla Masasi haijawa parokia ilikuwa kijiji cha watu walioamua kuwa ndugu, na ubatizo ndio uliokuwa hati yao ya undugu.

Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, walikivamia kijiji hicho, wakakichoma na kuondoka na mateka. Waliosalia walihamia Newala pamoja na Padre Chauncy Maples, wakapokewa na Matola, mtawala wa Kiyao wa pale juu. Kwa hiyo Ukristo wa uwanda wa Makonde una deni tangu mwanzo: ulianza kama mgeni aliyekimbia vita, akakaribishwa na mwenyeji ambaye hakuwa Mkristo. Baadaye Masasi ikajengwa upya.

Padre Majaliwa wa Chitangali

Katika jubilei hii jina la Cecil Majaliwa linastahili kutajwa kwa sauti. Alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Unguja na kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali kwa mtawala Nakaam. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA. Alikaa Chitangali miaka 11 bila Mzungu wa kumsimamia. Alifundisha shule, alihubiri kwa Kiyao, alikaa barazani na wazee, na mkewe Lucy alikuwa naye katika kazi hiyo. Nakaam mwenyewe alibatizwa, akaitwa Barnaba.

Mwaka 1897 Majaliwa aliitwa arudi Unguja. Aliacha nyuma Wakristo waliomzoea padre anayekula wanachokula na kucheka wanachochekea. Kwa nini kanisa lililoona kwa macho yake kwamba jambo hilo linawezekana lilisubiri mpaka 1968 kumpata askofu Mwafrika wa Masasi? Tukisherehekea bila kuliuliza swali hilo, tutakuwa tumeimba nusu ya wimbo.

Moto wa pili, na vita

Vita vya Maji Maji vilipofika kusini mwaka 1905, misheni ya Masasi iliungua tena na wamisionari wakakimbilia pwani. Mwaka uliofuata Wabenediktini wa Kanisa Katoliki, ambao nao walikuwa wameonja moto huo huko Nyangao, walianzisha Ndanda. Kuanzia hapo majirani hawa wawili, Waanglikana na Wakatoliki, wameishi wakitazamana barabarani. Mara walishindana kwa shule, mara walisaidiana kwa dawa.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, serikali ya Kijerumani iliwakamata wamisionari wa Kiingereza kwa kuwa walikuwa raia wa adui. Ibada hazikusimama. Mapadre, mashemasi na walimu Waafrika waliendelea kuzika, kubatiza na kufundisha katika miaka ambayo wapagazi walichukuliwa vijijini, chakula kilitekwa na majeshi, na mwezi Oktoba 1917 mizinga ikanguruma Mahiwa. Vita vilipokwisha kanisa lilikuwapo bado, kwa sababu lilikuwa limehamia ndani ya nyumba za watu.

Msalaba kumbini

Mwaka 1926 eneo hili lilimegwa kutoka Dayosisi ya Zanzibar, na William Vincent Lucas akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Masasi. Makao yalikuwa Mtandi, chini ya jabali, ambako kanisa kuu linasimama hadi leo. Lucas alikuwa ameshaishi Masasi miaka mingi akiwa padre, na alijua swali lililowatesa wazazi Wakristo kuliko maswali yote ya katekisimu: mtoto wangu atakwenda jando?

Asipokwenda jando, mvulana wa Kiyao au wa Kimakua alibaki mtoto hata akiota ndevu. Hapewi neno barazani, na mke hampati kwa urahisi. Akienda, anaingia porini kwa nyakanga ambaye hafuati imani yake, kwenye lupanda, pale matambiko yanapofanywa, na anafundishwa nyimbo ambazo mama yake asingependa kuzisikia. Wamisionari wengi wangesema kwa mkato: ni dhambi, acheni. Lucas pamoja na mapadre na wazee Waafrika walichagua njia ngumu. Jando likabaki. Kumbi likajengwa porini kama kawaida, wavulana wakakaa humo majuma kadhaa, ngariba akafanya kazi yake, mafunzo ya heshima na adabu ya ndoa yakatolewa. Ila sala ilichukua nafasi ya tambiko, padre alikuwapo tangu siku ya kuingia, na siku ya kutoka wali walipelekwa kanisani wakiwa wamenyolewa na kuvaa nguo mpya, huku mama zao wakipiga vigelegele njia nzima.

Si kila kitu kilifanikiwa. Unyago wa wasichana ulikuwa mikononi mwa makungwi, na wanaume wa kanisa hawakuwa na mlango wa kuingilia wala maneno ya kusema. Wakristo wengine walilalamika kwamba jando la kanisa limepoa, wengine kwamba kanisa limeingia giza. Hata hivyo kwa vizazi kadhaa mvulana wa Masasi aliweza kuwa Mkristo na kuwa mwanamume wa kwao kwa siku moja, bila kumficha mmoja kwa mwingine.

Mikono

Mwaka 1935 daktari Leader Stirling alifika Lulindi, akaanza upasuaji katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa nyasi. Baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki, akaendelea na kazi ileile Mnero, na katika miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Mwaka 1946 ulianzishwa utawa wa wanawake wa huku, Chama cha Mariamu Mtakatifu, chini ya ulezi wa masista Waingereza wa shirika la Kianglikana la CSP, na tangu 1968 masista wenyewe ndio wanaojiongoza. Humo binti wa Kimakonde au wa Kimakua alipata njia ya maisha ambayo ukoo wake haukuwahi kuijua: kutokuolewa, na bado kuheshimiwa.

Mwaka 1960 alikuja Trevor Huddleston kuwa askofu, mtu aliyekwisha kujulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Alikaa miaka minane, akaondoka ili Mtanzania ashike usukani, na mwaka 1968 Hilary Chisonga akawa askofu. Muda mfupi baadaye serikali ilitaifisha shule, Chidya ikiwamo. Wapo waliosikitika. Lakini watoto wa Kiislamu na wa Kikristo waliendelea kukaa dawati moja, na walimu wengi walibaki walewale.

Msimu wa korosho

Leo Newala ina dayosisi yake, na Mtwara mjini, Mikindani na Masasi ni miji ya magari na simu. Kalenda ya parokia za huku, hata hivyo, bado inafuata korosho. Kuanzia Oktoba, minada ikifunguka na malipo yakipita kwenye vyama vya msingi, ahadi za mwaka mzima hulipwa: mabati ya kigango, ada za watoto, posho ya katekista aliyefundisha kwa mkopo wa subira.

Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, sadaka hutolewa nje chini ya mwembe. Kuna debe la choroko, mihogo iliyofungwa kwa kamba, kisado cha ufuta cha mjane, na jogoo mmoja mwenye kelele. Mnadishaji, ambaye siku nyingine ni fundi baiskeli, anainua jogoo na kutaja bei. Watu wanapandishana, wanataniana, mtani wa Kimakua anamwambia wa Kimakonde kwamba hana hela. Mara nyingine anayeshinda ni jirani Mwislamu aliyekuwa akipita tu. Hulipa, hucheka, na kama ilivyo desturi, humkabidhi jogoo bibi aliyekaa mwisho wa benchi, asiye na ndugu pale kijijini.