Alama za gemu za Kijapani nani anazitoa, na kilichonikuta kwa Majini wa Kijuju

Juzi nilikuwa intaneti kafe moja hapa mjini, dogo aliyekaa kompyuta ya pembeni akanigeuzia skrini. Kulikuwa na ukurasa wa Resident Evil 5 na namba 84 ndani ya kiboksi cha kijani. Akaniuliza, "Kaka, hii themanini na nne nani katoa? Ni kama mtihani?"

Nikamjibu juu juu kwa sababu dakika zangu zilikuwa zinaisha. Ila swali lilinikaa kichwani, maana na gemu hiyo hiyo mimi nina kesi ya muda mrefu. Kwa hiyo leo naeleza kwa kirefu jinsi wahakiki wanavyozipa alama gemu za Wajapani, halafu tutafika kwenye kesi yangu.

Tuanze kwao wenyewe Japani. Kule kuna gazeti linaitwa Famitsu, lilianza mwaka 1986 kwa jina la Famicom Tsushin, likiandika habari za ile mashine ya Nintendo iliyoitwa Famicom. Utaratibu wao ni huu: gemu moja wanapewa wahakiki wanne. Kila mmoja anacheza, anaandika maneno machache sana, anatoa alama kati ya 1 na 10. Wanajumlisha, inakuwa juu ya 40. Ndiyo maana ukisikia Mjapani anasema gemu ina 32 usishtuke ukadhani imefeli, hiyo ni wastani wa 8.

Faida yake ni kwamba ugomvi unauona. Ukikuta 9, 9, 8, 5 unajua kuna mmoja pale hakupendezwa, na unaweza kumsoma yeye peke yake kujua kimemkera nini. Hasara ni kwamba maneno ni kidogo mno, sentensi mbili tatu basi. Kupata 40 kamili ilikuwa shughuli. Wa kwanza kuipata ni The Legend of Zelda: Ocarina of Time mwaka 1998, yaani miaka kumi na mbili gazeti linatoka na hakuna aliyefika. Baadaye zikaanza kumiminika, na mwaka 2011 Skyrim ya Wamarekani ikawa gemu ya kwanza isiyo ya Kijapani kupewa 40 hizo. Kuna watu wanasema wamelegeza mkono. Mimi nadhani wamelegeza kweli, ila hayo ni yangu.

Huku Ulaya na Marekani kawaida mhakiki ni mmoja, anaandika makala ndefu, mwisho anaweka namba. Gazeti la Edge la Uingereza lilianza 1993, lenyewe lilikuwa bahili, 5 kwao ni gemu ya kawaida, 10 zao unaweza kuzihesabu. Ila sehemu nyingi 7 ndiyo imekuwa kama 5. Gemu ikipewa 6 watu wanaiona takataka. Ni kama yule mwalimu anayempa kila mtu B, mwisho wa siku aliyepata C anaonekana mjinga wakati karatasi zenyewe hazijapishana.

Halafu kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawaliulizi: mhakiki anaipataje gemu kabla haijaingia dukani? Anapewa na kampuni iliyoitengeneza au inayoiuza, bure, kwa masharti ya kutochapisha kabla ya siku na saa fulani. Kampuni hiyo hiyo ndiyo inayolipia matangazo kwenye ukurasa wake. Sisemi wote wananunuliwa. Ila kuna kisa kinajulikana: mwaka 2007 Jeff Gerstmann wa GameSpot aliipa Kane & Lynch alama 6.0 huku tangazo la gemu hiyo limejaa kwenye tovuti nzima, na mwezi huo huo akapoteza kazi. Mwaka 2012 alipofunguka alithibitisha kwamba matangazo na alama zile vilihusika. Gemu hiyo wala si ya Kijapani, naitaja ili mjue namba ina bei yake.

Sasa 84 ya dogo. Ile hakuitoa mtu. Ni ya Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001, ambayo kazi yake ni kukusanya alama za wahakiki wengi, kuzigeuza zote ziwe juu ya 100, halafu kutafuta wastani. Mtu aliyetoa nyota 4 kati ya 5 anahesabiwa 80. Aliyetoa 7 kati ya 10 anahesabiwa 70. Wahakiki hawalingani uzito, wengine wanahesabiwa zaidi, na uzito wa kila mmoja wenyewe hawautangazi. Kwa gemu, kuanzia 75 ni kijani, 50 hadi 74 ni njano, chini ya hapo ni nyekundu.

Wastani huo unalisha watu na unawanyima watu. Mwaka 2012 mmoja wa watengenezaji wa Fallout: New Vegas ya 2010 alisema kampuni yao ilikuwa ilipwe bonasi gemu ikifika 85 Metacritic. Ikapata 84. Pointi moja tu, aisee, na hakuna mhakiki hata mmoja aliyekusudia kuwanyima chochote.

Haya, turudi Kijuju.

Resident Evil 5, ambayo Japani wanaiita Biohazard 5, ni ya kampuni ya Capcom ya Osaka. Ilitoka Machi 2009 kwa PS3 na Xbox 360, na Septemba mwaka huo kwa kompyuta. Nilianza kuisoma kabla sijaiona. Nilikuwa nalipia nusu saa, nanakili alama kwenye daftari: IGN 9, GameSpot 8.5, Eurogamer 7, Edge 7. Wote walisifu picha, jua lile kali, vumbi lile, na raha ya kucheza wawili. Waliolalamika walilalamika kwamba huwezi kutembea huku unapiga risasi, lazima usimame kwanza, na kwamba Sheva, yule mwenzako, ukimwachia kompyuta imwendeshe anamaliza risasi hovyo. Hoja za haki kabisa. Nilipokuja kuicheza niliona hivyo hivyo.

Mwaka 2010 rafiki yangu akapata kompyuta yenye nguvu kidogo, na DVD ya kuchomwa. Tukaiwasha kwao jioni, spika mbili kubwa. Tumeingia kijijini, watu wakaanza kutukimbilia na mashoka na mapanga, wanafoka. Mara mama yake akaingia kutoka uani, mkono una unga, anauliza, "Nani anagombana huku? Mbona mnaita watu?"

Hapo ndipo tukasikia. Walikuwa wanafoka Kiswahili. Sisi tulikuwa tumezama kwenye risasi, masikio yetu yalishazoea kwamba adui wa kwenye gemu anaongea kitu kisichoeleweka. Mama hakuwa anaangalia, alikuwa anasikiliza tu, kwa hiyo akasikia watu. Akatazama skrini kidogo, akaona watu weusi wanaanguka na sisi ndio tunaopiga. Akasema tu, "Haya wanangu," akarudi uani. Tulicheka, halafu hatukucheka tena. Tukapunguza sauti.

Maadui wenyewe wanaitwa Majini. Kwenye gemu jina limeandikwa hivyo hivyo, kila mchezaji wa dunia nzima analitamka bila kujua kwamba sisi wa kando ya Ziwa Singidani tukisikia majini tunaweza kufikiria samaki kwanza. Kuna mdudu anaruka anatoka kwenye mwili wa adui, anaitwa Kipepeo. Na kuna dude moja kubwa la mabawa linaitwa Popokarimu. Popo, sawa. Karimu? Popo mkarimu anayetaka kukumeza! Bado sijaelewa nani aliwapa neno lile, labda walichukua kamusi wakaipenda sauti yake.

Lakini kinachoniuma kuliko popo ni ramani. Gemu yenyewe inasema Kijuju iko Afrika Magharibi, na Sheva ni askari wa tawi la Afrika Magharibi. Wanakijiji wa Afrika Magharibi wanaongea Kiswahili! Ni sawa na kutengeneza gemu ya Osaka halafu watu wa mtaani wote wanaongea Kithai, ukitegemea kwamba mchezaji hatajua.

Na kweli hawakujua. Katika makala zote nilizosoma kipindi kile, na nilisoma nyingi kwa hela ya chai, sikukuta mhakiki aliyetoa hata nusu pointi kwa sababu hiyo. Niwe mkweli, suala la rangi lilizungumzwa sana. Video ya kwanza ya tangazo ilipotoka 2007 kelele zilipigwa, na mwaka 2008 N'Gai Croal, mwandishi wa Newsweek, Mmarekani mweusi, alieleza kwa utulivu kwamba picha za namna ile zina historia nzito na huwezi kuzitumia kama vile historia hiyo haipo. Kuna wahakiki waliligusa hilo kwenye makala zao, wengine aya nzima. Ila ukifika chini kwenye namba, namba ilikuwa inapima bunduki, picha na Sheva. Lugha haikuwa na kisanduku chake. Mhakiki aliyekaa London au San Francisco akisikia Kiswahili anasikia kelele za Afrika, na kelele za Afrika zinapimwa kwenye kipengele cha sauti, ambacho kilipata alama nzuri tu.

Sio sisi peke yetu, wadau. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 inatokea kijijini Hispania, na wanakijiji wanaongea Kihispania cha lafudhi ya Meksiko. Wahispania walicheka sana. Metacritic iliipa 96 kwenye GameCube, na mimi nakubali ni gemu tamu kuliko ya tano. Tofauti ni kwamba Mhispania ana magazeti yake ya gemu, aliyecheka alikuwa na pa kuandikia.

Ndiyo maana nikamwambia dogo kwamba 84 ni jibu la swali ambalo hajauliza yeye. Mhakiki anacheza peke yake, labda saa kumi na tano mfululizo, kwenye televisheni nzuri na umeme usiokatika. Sisi tumekulia kwenye mabanda ya PlayStation tukicheza Winning Eleven ya Konami, diski ya Kijapani kabisa, tunajua kitufe cha kuanza mechi kiko mstari wa ngapi bila kusoma herufi moja. Aliyefungwa anatoka, benchi wamekaa sita wanasubiri. Kipimo cha pale kilikuwa: mechi inaisha haraka? Diski yenye mikwaruzo inasoma? Umeme ukikatika dakika ya 80 nani analipa? Hakuna gazeti la Tokyo wala London lililowahi kuweka alama za hayo, na kwa gemu nyingi hayo ndiyo yaliyoamua ipi ikae kwenye mashine na ipi irudishwe sokoni.

Siku hizi angalau wachezaji wenyewe wanapiga kura. Kwenye Steam unaandika unaipendekeza gemu au huipendekezi, basi, na wao wanatoa asilimia. Konami walionja hiyo Septemba 2021. Ile Winning Eleven yetu, iliyokuja kuitwa Pro Evolution Soccer, ilibadilishwa jina ikawa eFootball, ikatoka bure na sura za wachezaji zimepinda. Ndani ya siku moja ikawa miongoni mwa gemu zenye maoni mabaya kabisa kuwahi kuonekana Steam, na kampuni ikaomba radhi. Kura za watu nazo zina ujinga wake, wakati mwingine wanashusha gemu kwa hasira za jambo lingine kabisa. Ila pale angalau Mswahili naye anaweza kuandika aya yake kwa Kiswahili.

Juzi hiyo hiyo, kabla sijaondoka, dogo aliitafuta video ya Kijuju akavaa spika za masikioni. Akasikiliza kimya dakika kama tano, anarudisha nyuma, anasikiliza tena, kuna maneno anayakamata na mengine yanapita na kelele. Halafu akachukua kalamu ya jamaa wa kaunta, akaandika nyuma ya risiti: bunduki 9, picha 9, Kiswahili 4, Popokarimu 0.

Nikamuuliza Kiswahili 4 kwa kigezo gani. Akasema, "Nimewaelewa kidogo, kaka. Ila hawa si watu wa huko walikowaweka."

Risiti ninayo. Kama kuna mdau ameicheza mpaka mwisho na ameyashika vizuri wanayosema wale jamaa, ayaandike hapa chini neno kwa neno, nataka tuyahakiki. Nawasilisha.