Kalamu ya Mtafiti wa Kilimo, kutoka Amani hadi Morogoro

Uandishi wa kitaalamu kuhusu kilimo nchini Tanzania ulipata makao yake ya kwanza katika milima ya Usambara Mashariki, ambako serikali ya Kijerumani ilianzisha taasisi ya utafiti ya Amani mwaka 1902. Wataalamu wake walichunguza kahawa, mpira, mkwinini na mazao mengine ya biashara. Kuanzia mwaka 1905 matokeo yao yalitolewa katika jarida la Der Pflanzer, lililoandikwa kwa Kijerumani kwa ajili ya walowezi wenye mashamba makubwa. Msambaa aliyelima mihogo na migomba katika miteremko ya jirani hakuhesabiwa miongoni mwa wasomaji.

Waingereza walipoufufua utafiti wa Amani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, lugha ilibadilika lakini msomaji hakubadilika sana. Mwaka 1935 lilianza jarida la pamoja la kilimo la Afrika Mashariki, East African Agricultural Journal, na mwaka 1960 jina lake likaongezwa misitu. Watafiti kama H. H. Storey, aliyechunguza magonjwa ya virusi ya mahindi na mihogo, walifanya kazi wakiwa na maktaba na jarida la kanda yao wenyewe. Huo ulikuwa msaada kamili wa uandishi, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Mtafiti alikuwa na mahali pa kusoma yaliyoandikwa na wenzake, na mahali pa kuchapisha yake. Baadaye kitovu cha utafiti kilihamia Muguga, Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilijikuta mbali na jarida na maktaba ambavyo awali vilikuwa vya wote.

Wakati huo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, tayari kulikuwa na chuo. Kilianza mwaka 1965 kikitoa stashahada ya kilimo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa mwaka 1970 kikawa kitivo chake. Masomo ya misitu yaliongezwa mwaka 1974 na ya tiba ya mifugo mwaka 1976. Tarehe 1 Julai 1984, miezi michache baada ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kufariki katika ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro, kitivo kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA.

Chuo kilizaliwa katika miaka migumu. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na maktaba za vyuo vikuu barani Afrika zilishindwa kulipia majarida ya nje. Mhadhiri aliandika rasimu kwa mkono, katibu muhtasi akaipiga chapa, nakala zikatolewa kwa stensili. Makala iliyopelekwa Ulaya ilikwenda kwa posta na majibu ya wahakiki yakachukua miezi. Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, kilikuwa usomaji. Mwandishi asiyeona majarida mapya hawezi kuonyesha kazi yake inaongeza nini juu ya yale yanayojulikana, na hilo ndilo swali la kwanza la mhariri yeyote. Makala nyingi za watafiti wa Afrika zilirudishwa kwa sababu hiyo, wala si kwa udhaifu wa majaribio shambani.

Wanataaluma walijisaidia kwa njia walizokuwa nazo. Idara ya misitu ilikuwa ikitoa mfululizo wake wa ripoti tangu zama za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyama vya wataalamu wa mifugo na wa tiba ya wanyama viliitisha mikutano na kuchapisha mada zilizosomwa. Machapisho hayo hayakufika mbali, lakini bila hayo sehemu kubwa ya utafiti wa wakati ule isingeonekana tena. Ushirikiano na vyuo vya Norwe, Denmark na Marekani nao ulifungua njia: mwanafunzi wa uzamivu alikusanya data Tanzania, akasoma na kuandika katika maktaba ya chuo rafiki, akarudi akiwa na msimamizi wa kuandika naye. Jina lake lilionekana katika majarida, ila mada mara nyingi iliamuliwa na mfadhili.

Mwaka 1991 sheria ya Bunge iliifanya maktaba ya SUA kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, na kazi yake ikawa kukusanya na kuhifadhi maandishi ya kilimo ya nchi nzima. Kisha teknolojia ikaleta nafuu iliyokuwa ikisubiriwa. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kilitoa TEEAL, mkusanyo wa majarida zaidi ya 100 ya kilimo katika diski, uliosomeka bila intaneti. Mwaka 2003 FAO na washirika wake wakaanzisha AGORA, iliyofungua majarida ya kilimo kwa nchi maskini bure au kwa ada ndogo. Mhadhiri wa Morogoro sasa aliweza kusoma makala ya mwaka uleule.

Ndipo ikaonekana kwamba kusoma peke yake hakutoshi. Kuandika makala ni ufundi wenye kanuni zake: kuchagua jarida linalofaa, kupanga matokeo, kuwajibu wahakiki bila kukata tamaa. Shirika la INASP la Uingereza lilianzisha AuthorAID mwaka 2007, mpango wa kuwaunganisha watafiti wa nchi zinazoendelea na walezi wa uandishi na kuendesha warsha. SUA kwenyewe, tasnifu za uzamivu zikaanza kukubaliwa zikiwa na makala zilizo tayari kuchapishwa, hivyo mtahiniwa akajifunza uandishi wa majarida kabla hajaajiriwa. Majarida ya chuoni nayo, likiwemo Tanzania Journal of Agricultural Sciences, yaliwapa wahadhiri nafasi ya kuwa wahariri na wahakiki. Pengine hii ndiyo shule bora kuliko zote, kwa sababu anayehakiki kazi za wenzake huziona kasoro za kazi yake mapema.

Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza tuzo ya Sh. milioni 50 kwa watafiti wanaochapisha katika majarida ya hadhi ya juu duniani. Tuzo hiyo inathamini jasho halisi, lakini inaelekeza kalamu kule ilikoelekezwa tangu Amani, kwa msomaji wa mbali. Maharage ya SUA 90, yaliyozalishwa chuoni na kutolewa mwaka 1990, yalielezwa kwa wataalamu kwa Kiingereza. Mkulima alihitaji maelezo ya kupanda na kutunza mbegu kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilibaki kwa mabwana shamba, kwa magazeti kama Ukulima wa Kisasa la Wizara ya Kilimo, na baadaye kwa redio ya chuo. Mwanataaluma anayeandika kijitabu kizuri cha Kiswahili anahitaji mhariri, mchoraji na hesabu ya kazi yake wakati wa kupandishwa cheo sawa na anayeandikia jarida la nje, na mahitaji hayo hayajapewa uzito huo. Maktaba ya Taifa ya Kilimo imeanza upande wa hifadhi: pamoja na hazina ya kielektroniki ya makala na tasnifu za wanataaluma, imeunda mkusanyo uitwao Mkulima, wenye machapisho ya kilimo kwa Kiswahili.