Kasongo Ilifundisha Dunia: Nani Atagharamia Faraja ya Walioumizwa Rohoni?



Mwaka 1971, mwaka uleule nchi yetu ilipopewa jina la Zaire, ulianza Kasongo mradi wa afya ambao baadaye ulisomwa hata na watu wasioweza kuuonyesha mji huo kwenye ramani. Wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Antwerp, Ubelgiji, walitafuta jibu la swali moja: je, wakazi wa vijiji vya mbali, katika nchi yenye fedha chache, wanaweza kupata matibabu mema ya kila siku karibu na nyumba zao?

Jibu lilijengwa polepole. Hospitali iliachiwa wagonjwa mahututi. Kuizunguka vikawekwa vituo vya afya vilivyoongozwa na wauguzi. Mgonjwa alilipa kiasi kimoja kilichojulikana tangu mwanzo, nacho kilitosha kwa ugonjwa wake wote hadi apone, hata kama angelazimika kurudi kituoni mara kadhaa. Wakazi nao walikuwa na kamati zao, wakakaa pamoja na wauguzi kuzungumzia afya ya vijiji vyao. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza huduma za afya ya msingi kuwa njia ya mataifa yote. Yaliyokwisha kujaribiwa Kasongo na katika hospitali nyingine za Zaire yalisaidia kuigawa nchi katika zoni za afya, 306 katika miaka ya 1980, ambazo leo zimezidi 500.

Basi sisi tu warithi wa fundisho kubwa. Lakini fundisho hilo lina upande wake wa uchungu. Sehemu kubwa ya nguvu za mradi ilitoka ng'ambo, na mwaka 1990 ushirikiano wa kiserikali kati ya Ubelgiji na Zaire ulikatika. Kazi inayotegemea mfuko wa mgeni huyumba mgeni anapoondoka.

Tena kuna jeraha ambalo vituo vyetu havikuandaliwa vema kulitibu. Maasi ya Wasimba yalipita hapa mwaka 1964. Mwaka 1998 vita vikarudi Maniema, na hata baada ya amani kutiwa sahihi, watu wa Kabambare, hasa pande za Salamabila, wameendelea kukimbia milio ya risasi. Homa ina dawa yake kituoni. Lakini mama asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona, au kijana aliyenyamaza tangu alipotoka msituni, huambiwa asahau, au hupewa jina la mwendawazimu na kuachwa.

Kanisa lilianza kuitika mapema. Mwaka 1994, Bukavu ikiwa imejaa wakimbizi kutoka Rwanda, Mashirika ya Mabruda wa Upendo walianzisha huko kituo cha afya ya akili, Sosame, ambacho kimewapokea wagonjwa wengi wa mashariki ya nchi. Lakini kutoka Kabambare hadi Bukavu ni mamia ya kilomita za barabara mbaya. Na mgonjwa aliyetibiwa, akisharudi kijijini, nani ataketi naye?

Hapa inafaa tutazame kwa jirani. Nchini Kenya, mwaka 2007, watu waliokuwa wameugua wenyewe waliunda chama kiitwacho USP Kenya. Katika vikundi vyake hakuna daktari wala mgonjwa: wote wamepita njia moja. Hukutana kwa zamu zilizopangwa, husikilizana, hukumbushana dawa, humsindikiza mwenzao kuzungumza na jamaa waliomtenga, lakini hawamwamulii mambo yake. Aisifuye mvua imemnyea. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikitaja kikundi chao cha Nairobi miongoni mwa mifano mema ya kuigwa.

Kwa habari ya fedha, Kenya ina mambo mawili ya kutufaa. Kwanza, vikundi vya kujisaidia vya watu wenye ulemavu, vikiisha kuandikishwa, vinaweza kuomba msaada katika mfuko wa umma uliotokana na sheria ya mwaka 2003. Pili, sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazitaka serikali za kaunti kutenga fedha za huduma hiyo katika bajeti zao za kila mwaka. Sheria kuandikwa si fedha kutolewa, lakini sasa mwananchi ana neno la kudai.

Je, sisi tuna neno gani? Katiba ya mwaka 2006 imeiweka huduma ya afya ya msingi mikononi mwa majimbo, ikayapa haki ya kubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa. Haki hiyo haijatekelezwa kama ilivyoandikwa. Sekta na maeneo ya machifu yalipewa bajeti zao kwa sheria ya mwaka 2008. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza asilimia 15 ya mrabaha iende kwa sekta au eneo la chifu ambako madini yanachimbwa, na asilimia 25 kwa jimbo. Namoya iko Kabambare. Dhahabu yetu, basi, si jambo geni katika swali hili.

Mtu atasema: barabara zimekatika, walimu hawalipwi, nanyi mnataka fedha za mazungumzo? Kikundi cha namna hii hakihitaji jengo jipya. Kinahitaji chumba, nauli ya wanaotoka mbali, daftari, na muuguzi aliyefundishwa wa kumpelekea mgonjwa aliyezidiwa. Kwa maana kikundi hakichukui nafasi ya dawa. Fungu dogo lenye jina lake katika bajeti ya sekta lingetosha kuanza. Lakini ni lazima wanachama wajiongoze wenyewe na hesabu isomwe mbele ya wote, ili fedha zisigeuke kamba ya kukifunga kikundi kwa mkuu fulani.

Kujitolea ni kuzuri, na wengi wenu mnajitolea. Lakini tukimwacha aliyeumizwa ambebe mwenzake peke yake, bila hata nauli, tumemtwika mzigo wetu sote.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni nani aliyenyamaza, na ni nani aliyepona anayeweza kuketi naye?
2. Nani kati yetu amewahi kuona bajeti ya sekta yake? Tufanyeje ili tuisome pamoja?
3. Msaada wa wageni ukikoma kesho, ni kazi gani ya faraja itakayobaki hapa kwetu?