Kuni za Ngara na miaka thelathini ya mikataba ya tabianchi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi ulianza kutumika tarehe 21 Machi 1994. Wiki tano baadaye, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania, ndani ya muda unaokadiriwa kuwa saa 24. Kambi ya Benaco ikazaliwa. Mgao wao ulikuwa mahindi na maharage makavu, chakula kisichoiva bila moto wa saa kadhaa, na muda si mrefu vilima vya jirani vikabaki vipara. Swali lililotanda juu ya mafiga yale, la moshi wa mtu anayepika ili aishi na nani aulipie, ndilo lililokuwa likibishaniwa na mataifa, na Tanzania ilikuwa katikati ya ubishi huo kuliko inavyokumbukwa leo.

Hatua za mwanzo zinajulikana. Mwaka 1988 Shirika la Hali ya Hewa Duniani na lile la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, yaliunda jopo la wanasayansi wa tabianchi. Mkataba ukafunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, na Tanzania ikauridhia mwaka 1996. Mkataba ulikiri kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani, kisha ukaacha viwango vya kupunguza gesijoto vijadiliwe baadaye.

Viwango hivyo vilipiganiwa Kyoto, Japani, Desemba 1997. Mwaka huo Tanzania ilikuwa mwenyekiti wa Kundi la 77 na China, na msemaji wa nchi zaidi ya 130 katika mazungumzo hayo alikuwa Profesa Mark Mwandosya, mhandisi ambaye baadaye aliandika kuhusu mazungumzo hayo katika kitabu chake Survival Emissions. Kundi lenyewe lilikuwa gumu kuliongoza. Visiwa vidogo vilivyohofia kumezwa na bahari vilikaa meza moja na nchi za mafuta zilizodai fidia endapo bidhaa yao itakosa soko. Hata hivyo walisimama pamoja: nchi tajiri zipunguze gesijoto kwa asilimia 15 ifikapo 2010 na 35 ifikapo 2020, kulinganisha na kiwango cha 1990.

Mzozo uliwaka pale New Zealand ilipotaka nchi zinazoendelea nazo zijifunge kupunguza katika kipindi kitakachofuata. Nyuma ya hoja hiyo kulikuwa na kivuli cha Seneti ya Marekani, ambayo Julai ya mwaka huo, kwa kura 95 bila hata moja ya kupinga, ilikuwa imetangaza kutokubali mkataba usiozibana nchi hizo. Kundi la 77 likakataa katakata. Hoja ikarudi kwa sura nyingine, kama kifungu cha nchi kujitolea kwa hiari. Katika kikao cha usiku wa kuamkia Desemba 11, muda wa mkutano ukiwa umeshapita, China na India zilikuwa miongoni mwa waliokipinga, na mwenyekiti wa kikao, Raúl Estrada-Oyuela wa Argentina, akakifuta chote. Kwa nchi ambayo watu wake wengi walipikia kuni, huo ulikuwa ushindi mkubwa, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa Kitanzania hawajawahi kuusikia. Msimu huohuo mvua za El Niño zilikuwa zikikata barabara na reli nchini, na hadi Mei 1998 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya mita moja na nusu.

Ushindi ulikuwa na mapengo. Brazili ilikuwa imependekeza mfuko utakaojazwa kwa faini za nchi tajiri zitakazovunja ahadi. Ukageuzwa kuwa soko la hati za kaboni, na miradi mingi ikaenda China na India, Afrika ikibaki na makombo. Marekani haikuridhia kamwe Itifaki ya Kyoto, mkataba uliotokana na mkutano huo.

Mambo yaliyofuata yalielekea upande mwingine. Tanzania ilitoa mpango wake wa dharura wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi mwaka 2007. Makubaliano ya Paris ya 2015, yaliyoridhiwa na Tanzania mwaka 2018, yaliitaka kila nchi, tajiri na maskini, itangaze mchango wake yenyewe, na Tanzania ikaahidi kupunguza gesijoto kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030. Mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hivyo moshi uliotetewa Kyoto umeingia katika hesabu za ahadi, wakati katika vijiji vya kata kama Bukiriro wilayani Ngara, vinavyolima migomba, kahawa na maharage kwa kutegemea mvua, kuni bado ndizo nishati ya jikoni.

Fedha ndizo zilizobaki nyuma. Mkutano wa Baku wa 2024 uliahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, chini sana ya trilioni 1.3 zilizodaiwa na Afrika. Tangu 2025 kundi la Afrika katika majadiliano hayo linaongozwa na Mtanzania, Dk. Richard Muyungi, na moja ya madai yake makuu ni kwamba fedha za kuhimili mabadiliko ya tabianchi zitolewe kama ruzuku, zisiwe mikopo.